Kihenge cha picha na sauti: Familia ya Zagayu ilivyojifunza kutunza kumbukumbu zake

Siku ya pili ya msiba, gari la kuleta mwili likiwa bado njiani, ndugu waliokaa chini ya mwarobaini walikumbuka jambo dogo: hapakuwa na picha ya marehemu ya kuweka mezani. Kila mtu akatoa simu yake.

Binti mkubwa, muuguzi anayeishi Mwanza, alikuwa na uhakika kwamba anazo nyingi. Alimpiga mama yake picha akianika michembe, akimbeba mjukuu mgongoni, akicheka na jirani kisimani. Lakini simu yenye picha hizo ilitumbukia kwenye ndoo ya maji miezi minane kabla, na aliponunua nyingine hakuhamisha kitu. Mdogo wake wa kiume, fundi simu mjini Bariadi, mtu ambaye riziki yake ni kuokoa picha za watu wengine, alichomeka diski yake ya nje kwenye kompyuta. Diski ikagonga ti, ti, ti, ikanyamaza. Kitindamimba alipata moja aliyotumiwa kwa WhatsApp. Ilipokuzwa ili ichapishwe, uso ukageuka vipande vya rangi.

Mwishowe ilichapishwa picha ya kitambulisho cha taifa. Ndani yake mama amekaza uso kama mtu anayedai deni. Wanawake wa kikundi chake walipita mbele ya meza, wakaitazama, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo siye wanayemzika.

Mzee wa nyumba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakusema neno. Usiku, wageni walipolala, aliinama akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kuliita kwa mkono fundi wa Bariadi lije karibu na taa.

Sanduku haliondoki

Ndani ya sanduku mlikuwa na hati ya kimila ya shamba, vyeti vya shule na vya ubatizo, na barua za kazi zilizoandikwa "Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga". Hivyo ndivyo Zagayu ilivyoandikwa kwa miaka mingi, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012 na kata hiyo kuwa sehemu ya wilaya mpya ya Itilima. Mlikuwa na daftari la mama la mauzo ya pamba, nusu yake imeliwa na mchwa. Na chini kabisa, zimefungwa kwa kanga, kaseti 11.

Mzee alizirekodi alipokuwa kijana, kwa redio kaseti aliyoinunua kwa fedha za pamba. Nyingi ni nyimbo za mashindano ya ngoma, yale ya kiangazi baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Nyingine ni bugobogobo, nyimbo za kulimia. Mbili zilikuwa na mama. Alikuwa akiwasimulia watoto hadithi kwa Kisukuma jioni, na mumewe akabonyeza kitufe bila kumwambia.

Redio yenyewe ilikwisha kufa zamani. Hakuna aliyezisikia kaseti hizo kwa zaidi ya miaka 15.

Siku ya kuanua tanga, kikao cha familia kilijadili madeni, mifugo na wajukuu. Kilipokaribia kufungwa, fundi aliomba ruhusa ya kusema.

"Baba, naomba nilichukue hilo sanduku Bariadi. Nitaziingiza kaseti kwenye kompyuta na karatasi nitazipiga picha zote."

Kimya kikatanda. Kaka mkubwa, anayelima hapo nyumbani, alikunja mikono. Ndani ya sanduku mna hati ya shamba, na kila mtu alijua kwamba hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwake. Mzee aliwatazama wote wawili.

"Sanduku haliondoki hapa," alisema. "Kama hiyo kompyuta inaweza kuja, ije."

Ndivyo ilivyoamuliwa, bila yeyote kujua, kwamba seva ya familia ingewekwa Zagayu.

Kwa nini si mtandaoni?

Dada wa Mwanza alipendekeza njia rahisi zaidi: kila kitu kipandishwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Watu wengi hufanya hivyo, na kwa karatasi chache ni njia nzuri. Lakini fundi alikaa na kalamu. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 za bure, na humo barua pepe, picha na mafaili mengine vyote vinagawana nafasi moja. Zamani picha ziliweza kupandishwa bila kikomo kwa ubora uliopunguzwa, lakini mpango huo ulifungwa Juni 1, 2021. Picha na video za simu za watoto watano, zikikusanywa pamoja, zilikaribia gigabaiti 240. Hizo ni akaunti 16 za bure, au ada ya kila mwezi isiyo na mwisho, na bando la kuzipandisha ni gharama nyingine.

Kulikuwa na sababu ya pili. Mtandao ukikatika, kumbukumbu inabaki upande wa pili. Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti kwa kiasi kikubwa. Mtu mwenye picha zake zote mbali siku hiyo alibaki anatazama duara linalozunguka.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba waifai na intaneti ni vitu viwili. Ruta haihitaji bando ili simu na kompyuta zilizo ndani ya nyumba moja zizungumze. Inafanya kazi kama uchochoro kati ya nyumba za ua mmoja: unaweza kupeleka sahani ya ugali kwa jirani bila kupita barabara kuu. Seva ya nyumbani ni kompyuta moja iliyokaa kwenye uchochoro huo, mlango wazi kwa wanaojulikana, kazi yake kupokea mafaili na kuyatunza.

Laptopu kuukuu yenye betri nzima

Zipo mashine zilizotengenezwa maalumu kwa kazi hii, zenye nafasi za kuchomeka diski mbili au nne. Zipo pia kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka uleule wa 2012 ambao Simiyu ilizaliwa. Fundi aliziacha zote. Alinunua laptopu iliyotumika kwa shilingi 280,000, kioo kimepasuka pembeni lakini betri bado ina nguvu. Hiyo betri ndiyo aliyoifuata.

Zagayu umeme unakatika, unarudi, unakatika tena kabla ya kutulia. Diski inayoandika wakati umeme unapokatwa ghafla inaweza kuharibu faili iliyokuwa mkononi, au daftari lote la kuonyesha faili gani iko wapi. Laptopu haijali. Umeme ukienda, ruta inazimika lakini kompyuta inaendelea kwa betri yake, na diski za nje zinanyonya umeme humo humo kupitia waya wa USB. Betri ikikaribia kuisha, inajizima yenyewe kwa adabu.

Alinunua diski tatu za nje za terabaiti moja moja, shilingi 150,000 kila moja, na ruta iliyotumika kwa 30,000. Jumla ikawa 760,000. Watoto watano wakachanga 152,000 kila mmoja. Kaka mkubwa alilipa wa mwisho, baada ya mnunuzi wa pamba kulipa.

Jumamosi moja fundi alifika kwa pikipiki, begi mgongoni. Aliweka mfumo wa Debian, ambao ni wa bure, na juu yake openmediavault, programu ya bure inayokuwezesha kuisimamia seva kupitia simu au kompyuta nyingine. Kazi ya kugawa mafaili inafanywa na Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mapema miaka ya 1990. Shukrani kwake, simu ya Android, kompyuta ya Windows na runinga janja zote zinaweza kufungua folda moja.

Mambo matatu yalimchelewesha. Kwanza, kila alipofunga kifuniko, laptopu ililala usingizi na seva ikapotea. Ilibidi abadilishe mpangilio ili kifuniko kikifungwa ibaki macho. Pili, ruta ilikuwa inaipa kompyuta anwani mpya kila ikiwashwa, hivyo simu zilikuwa zinabisha hodi kwenye nyumba iliyohama. Aliiamuru ruta iihifadhie anwani moja siku zote. Tatu, alitaka diski mbili ziandikwe kwa pamoja muda wote kama kioo, mtindo unaoitwa RAID. Waundaji wa openmediavault wenyewe hawaushauri mtindo huo kwa diski za USB, kwa sababu waya ukilegea kidogo diski moja huonekana imekufa. Badala yake aliweka programu ya rsync, kazi nyingine ya Tridgell, ambayo kila usiku saa nane ililinganisha diski ya kwanza na ya pili, na kuifanya ya pili ifanane kabisa na ya kwanza.

Kumbukeni maneno hayo: ifanane kabisa.

Mzee alikuwa na swali moja tu, la LUKU. Fundi akampigia hesabu. Laptopu iliyofungwa kifuniko pamoja na diski zake inatumia kama wati 15. Kwa saa 24 na siku 30, hizo ni uniti 11 hivi. Kwa nyumba inayotumia umeme kidogo, isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, ni kama shilingi 1,300. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Aliiweka mashine juu ya kabati, mbali na jiko na mbali na ukuta wenye mchwa, akaifunika kitambaa. Fundi akakiondoa. Mashine inahitaji kupumua. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu kila wiki, lakini isifunikwe.

"Basi ni kihenge," mzee alisema. "Nacho ukikiziba kila mahali, mtama unaoza."

Mama anazungumza

Redio kaseti ilipatikana kwa jirani. Fundi alitoa waya kwenye tundu la spika za masikioni, akauingiza kwenye tundu la maikrofoni la laptopu nyingine, akafungua programu ya bure ya Audacity. Kaseti haina haraka. Ya dakika 90 inachukua dakika 90, na kaseti 11 zilidai zaidi ya saa 16. Kila dakika ya sauti, kwa ubora wa santuri, ilikula kama megabaiti 10, kwa hiyo zote pamoja zilifika gigabaiti 10 tu.

Utepe wa mama ulikuwa umenata. Aliuzungusha taratibu kwa kalamu, mbele na nyuma, kama watu walivyofanya zamani. Kwanza kulisikika mvumo, kisha jogoo, kisha mtoto akikohoa. Halafu sauti ya mwanamke kijana ikaanza hadithi ya sungura, na watoto wakaitikia.

Binti mkubwa alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi na kusimama mlangoni. Yule mtoto anayekohoa alikuwa yeye.

Mzee alisikiliza mpaka utepe ukaisha, akaomba urudiwe. Baadaye fundi alimweleza kwamba sauti hiyo sasa iko kwenye diski mbili, na ya tatu ataipeleka dada Mwanza. Alidhani itabidi amfafanulie baba yake kwa nini diski moja iende mbali.

"Babu yenu hakulaza ng'ombe wake wote zizi moja," mzee alimkatiza. "Wengine walikuwa kwa rafiki zake, vijiji vya mbali. Ugonjwa ukiingia hapa, kule wanabaki. Hilo mnanifundisha mimi?"

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni yao ya 3-2-1, iliyopata umaarufu kupitia mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Wafugaji wa Usukuma waliifuata kwa kwato kabla kompyuta haijazaliwa.

Usiku wa saa nane

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Watoto walipokuja Krismasi, simu zao zilitambua waifai ya nyumbani na kumwaga picha zenyewe wakiwa wamelala. Kila mmoja alikuwa na folda yake na neno lake la siri, maana hata ndani ya familia mtu ana mambo yake. Hati na vyeti vilipigwa picha na kuwekwa kwenye folda iliyofungwa kwa ufunguo wa peke yake, ili mwizi akiiba diski asisome kitu.

Kisha fundi akaanza kumrekodi mzee mwenyewe. Jioni tatu baada ya Pasaka, mzee akiwa kwenye kiti chake, simu ikiwa juu ya kigoda. Alizungumzia shule alizofundisha. Alizungumzia Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu walivyohamishwa na kuacha nyumba zao. Alitaja mipaka ya shamba la bondeni, mti kwa mti. Fundi alizihamishia rekodi hizo kwenye folda iliyoitwa "Babu", akazifuta kwenye simu ili apate nafasi, akarudi Bariadi. Nakala ya Mwanza ilikuwa imechukuliwa kabla ya Pasaka. Angeisasisha likizo ya Juni.

Likizo ilifika, na wajukuu wakafika. Mmoja wao, mwenye miaka tisa, aligundua kwamba runinga inaweza kufungua seva na kwamba simu ya mjomba, iliyoachwa mezani, inaweza kuongeza vitu humo. Alikuwa na katuni nyingi kwenye flashi. Alipoona mafaili makubwa yasiyo na picha, yenye sauti ya mzee akiongea peke yake, aliona ni kelele zinazobana nafasi. Akayafuta. Jumamosi jioni.

Saa nane usiku, rsync iliamka kama ilivyoagizwa. Ikaona folda ya "Babu" haipo kwenye diski ya kwanza, na diski ya pili ikaifanya ifanane kabisa.

Jumanne ndipo ilipojulikana. Fundi alikaa mbele ya kompyuta mpaka usiku wa manane. Alijaribu PhotoRec, programu inayochimba mafaili yaliyofutwa, lakini katuni zilikuwa zimekwisha kuandikwa juu ya nafasi hiyo. Yalirudi mamia ya mafaili yasiyo na majina. Alifungua moja baada ya jingine, na sauti ya baba yake haikuwamo. Kaseti zote zilikuwa salama. Mama alikuwa salama. Kilichopotea ni jioni tatu za mtu aliye hai.

Alijilaumu, na alikuwa na haki ya kujilaumu. Alijenga kinga dhidi ya diski kufa na akasahau kinga dhidi ya mkono wa mtu. Nakala inayofuata kila kitu kinachotendwa kwenye ile ya kwanza itafuata pia kosa. Na alihamisha pale alipotakiwa kunakili: tangu alipozifuta kwenye simu, zile jioni tatu zilikuwa kwenye kabati moja, hata kama kabati hilo lilikuwa na diski mbili.

Mjukuu alikuwa amejificha nyuma ya stoo. Babu yake ndiye aliyemfuata.

"Babu, samahani. Nilifikiri ni kelele."

"Ni kelele kweli," mzee alijibu. "Njoo ukae. Nitazipiga tena, na safari hii wewe utashika simu."

Yale ambayo hayakusemwa mara ya kwanza

Mzee alikuwa ameugua masika, presha ikampanda, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Hakuna aliyesema wazi, lakini watoto wote walielewa kwamba safari hii huenda hakuna marudio. Walikuja wote. Hata kaka mkubwa, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anaiita seva "kitu cha fundi", alileta kigoda chake na kukaa karibu.

Rekodi ya pili haikufanana na ya kwanza. Mara ya kwanza mzee alizungumza na simu. Sasa alizungumza na watoto wake, nao wakauliza. Alipofika kwenye shamba la bondeni, kaka mkubwa aliuliza swali lililokuwa limemkaa kooni tangu msibani: shamba lile ni la nani baada ya mzee?

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo halikuwamo kwenye rekodi iliyopotea. Shamba la bondeni halikununuliwa kwa fedha zake. Lilinunuliwa kwa pamba ya mama yao, misimu miwili mfululizo, na mama alimwambia mara nyingi kwamba anataka liende kwa mabinti wawili. Yeye hakuwahi kulitamka mbele ya wanaume wa ukoo kwa sababu aliona aibu.

Fundi aliinuka, akafungua seva, akatafuta picha za daftari lililoliwa na mchwa. Kurasa zilizobaki zilikuwa na mwandiko wa mama: kilo, bei, tarehe, na chini ya msimu mmoja neno moja, "bondeni".

Kaka mkubwa alilitazama neno hilo kwenye kioo kwa muda mrefu. Aliomba alione daftari lenyewe. Sanduku likatolewa. Neno lilikuwepo, kwa kalamu ya bluu, sentimita chache kutoka mahali mchwa walipoishia.

"Mayu," mzee alimwambia binti yake mkubwa, "nilichelewa."

Hawakuiachia rekodi peke yake. Sauti kwenye diski haitoshi kugawa ardhi. Wiki iliyofuata mzee aliandika wosia kwa mkono wake, akasaini mbele ya mashahidi, na familia ikaenda ofisi ya kijiji kuuliza taratibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na hakuna aliyepinga. Kaka mkubwa alitia saini yake kama shahidi.

Yaliyobadilishwa

Fundi alirekebisha seva siku ileile. Kitu kikifutwa sasa kinaingia kwanza kwenye kapu la takataka, na diski ya pili inahifadhi kwa siku 90 kila kilichofutwa au kubadilishwa. Wajukuu wana jina lao la kuingilia; wanaweza kutazama na kusikiliza, hawawezi kufuta. Diski ya Mwanza inabadilishana na ya Zagayu kila mtu wa familia anaposafiri. Na mara mbili kwa mwaka fundi anafanya kitu ambacho wengi wenye nakala hawakifanyi: anachukua diski ya akiba, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, na kufungua mafaili machache kuona kama yanafunguka kweli. Diski aliyoichomeka msibani nayo aliiita akiba.

Kwa familia isiyo na fedha za seva, mwanzo ni mdogo zaidi. Piga picha hati na vyeti mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Ukimtumia ndugu picha kwa WhatsApp, itume kama faili ili isipunguzwe ubora. Nunua diski mbili ndogo badala ya moja kubwa, na moja ikae kwa ndugu wa wilaya nyingine. Usifute kwenye simu mpaka umeona kwa macho kwamba kitu kipo sehemu mbili. Na kama kuna mzee nyumbani, anza na yeye, maana kaseti zinaweza kusubiri kidogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa Zagayu alikuwa nalo daftari, na liliponea chupuchupu.

Picha ya kitambulisho bado iko ukutani sebuleni, chini ya saa. Hawakupata nyingine. Mgeni akiingia na kusema kwamba mama wa nyumba hii alikuwa mkali, mjukuu wa miaka tisa, ambaye sasa ana kumi, huchukua rimoti, akafungua folda, akabonyeza. Jogoo anawika, mtoto anakohoa, na mama anaanza hadithi ya sungura. Mjukuu hajui Kisukuma chote, lakini mahali pa kuitikia anapajua.